Bango la Fuvu

Inspekta Apolline Kavira alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe ya volkano, kidevu ukingoni mwa shimo, akiteremsha kopo la maziwa lenye mshumaa ndani yake. Kamba ilimpita vidoleni polepole. Jua lilikuwa halijatokea na upepo wa ziwani haujaamka. Migomba ya kando ya barabara ya Sake ilisimama kimya kama imekatazwa kutikisika. Hiyo ndiyo saa aliyoitaka. Mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, hulala mabondeni alfajiri kabla upepo haujaifukuza. Moto ukiingia ndani yake huzimika. Mtu akiingia, naye huzimika.

Kopo likagusa chini. Mshumaa ukaendelea kuwaka.

"Sawa na jana," alisema Kambere, msaidizi wake, aliyekuwa amechuchumaa nyuma yake akizishika buti zake kwa hofu, asije akaporomoka.

"Sawa na juzi pia," Apolline alijibu.

Juu ya vichwa vyao lilisimama bango la bati jeupe lenye fuvu jeusi na maneno makubwa: HATARI. MAZUKU. USISHUKE. Chini ya bango hilo, ndani ya shimo hilo, Jumatatu asubuhi walimkuta Gauthier Lwanzo amelala kifudifudi, amekufa.

Gauthier alikuwa mwakilishi hapa Goma wa Fondasio Aubelin, wakfu wa huko Ulaya unaogharamia mambo matatu: utafiti wa tiba, ulinzi wa mazingira, na sanaa. Dokta Daniella Uwimbabazi, ambaye wakfu huo ulimpa ruzuku ya kuchunguza mazuku na watu wanaouawa nayo, aliitwa papo hapo. Akashuka, akaupima mwili, akatangaza kwamba hewa ndiyo iliyoua. Nani angembishia? Mji mzima hakuna aliyeijua hewa ile kumzidi. Mkuu wa Apolline alitaka dosie, yaani jalada la kesi, ifungwe siku ileile. Ila daktari wa chumba cha maiti alimvuta Apolline pembeni akamwambia jambo moja ambalo hakutaka kuliandika: damu ya marehemu ilikuwa imetuama mgongoni. Mtu akifa kifudifudi, damu hutuama kifuani na tumboni. Gauthier alikuwa amelala chali muda mrefu baada ya kufa. Na maiti haijigeuzi.

Apolline alipandisha kopo, akaupuliza mshumaa, akainuka akijipangusa vumbi. Juu ya kilima wanawake walikuwa wamesimama na majembe mabegani, wakimtazama kama watu wanaomtazama mwizi akihangaika na kufuli. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, alishuka hatua chache.

"Jambo yenu, mama," Apolline alisema.

"Munatafuta nini tena mu mashamba yetu?"

"Yalikuwa mashamba yenu, haya?"

"Yalikuwa." Mama huyo, aliyeitwa Nyiramahirwe, alitema mate pembeni. "Ile bango ikakuja, wakubwa wakasema mutoke, huu udongo unaua. Tukatoka. Kisha Papa Viateur wa projé ya miti, yenye ile fondasio inalipa, akapanda miti yake pale pale penye walitukataza kupanda maharagi."

"Na wafanyakazi wake hakuna aliyekufa?"

"Uliza yeye. Sisi tuko wajinga. Njo vile walituambia mu mukutano."

"Wewe mwenyewe uliwahi kuona mnyama amekufa mu hili shimo? Mbuzi? Kuku?"

Nyiramahirwe alicheka bila furaha. "Wakati walitufukuza, polisi ilikuja hapa? Hapana. Mutoto wangu alilala mu barabara, polisi ilikuja? Hapana. Sasa mukubwa mumoja amekufa, munakuja na mishumaa kama mu kanisa. Mi sina jibu lako, mama. Ulize wale unakula nao."

Akageuka, na wenzake wakamfuata.

Simu ya Apolline ililia kabla hawajafika kwenye gari. Mkuu wake hakusalimia.

"Kavira, bado unachezea mishumaa?"

"Mwili uligeuzwa, mon commandant. Kuna mtu aliuleta pale."

"Nani kaandika hivyo? Hakuna aliyeandika. Fondasio wamepiga simu kutoka Ulaya, wanaogopa jina lao. Wakiondoka hapa, ni mimi nitaulizwa. Wewe ulisema kuna rangi kwenye koti la marehemu?"

"Rangi nyeupe, kwenye mkono wa kulia."

"Basi! Yule mupaka rangi wa Mabanga, Julien. Alimutukana marehemu mbele ya watu, kila mutu alisikia. Niletee Julien ama niletee dosie iliyofungwa. Kesho. Usipoleta, kesho kutwa utarudi kukagua vitambulisho kule Birere, penye nilikutoa."

Simu ikakatika.

* * *

Karakana ya Julien ilikuwa kiwanja cha changarawe nyeusi kilichozungushiwa ukuta wa mawe ya volkano, katikati ya Mabanga, kati ya mwenye kinu cha unga na mwenye kuchaji simu. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zilizochanganyika na rangi. Hakuwakaribisha kiti, ingawa viti vilikuwepo. Kwenye kibanda, picha kubwa zilikuwa zimegeuzwa nyuso ukutani kama wanafunzi waliopewa adhabu. Uwanjani mabati ya mafuvu yalikuwa yameegemezwa foleni.

"Mumekuja kununua ama kukamata?"

"Rangi ya mabango yako ilikuwa kwenye koti la Gauthier," alisema Apolline.

"Rangi yangu iko mu mji muzima."

"Na ulimtukana."

"Nilimutukana, ndiyo. Angekuwa muzima ningemutukana hata leo." Julien aliichomeka brashi kwenye kopo kwa nguvu, maji yakaruka. "Ile fondasio inasema inasaidia sanaa. Niliwapelekea kazi yangu, picha za watu wakikimbia moto wa volkano, nyuso zao, moja moja. Wakapenda. Kisha wakasema: lakini sanaa yako lazima isaidie projé zingine. Kusaidia maana yake nini? Maana yake kichwa cha maiti kwenye bati. Tena na tena, kichwa kilekile! Mama yangu ananiuliza, mutoto, unafanya kazi gani? Namuambia, nachora kifo kwa jumla."

"Kwa hiyo ulimchukia."

"Niliichukia kazi. Kama ningeua kwa sababu ya kazi mbaya, mji huu ungebaki na nani?"

Apolline hakutabasamu. "Gauthier alikuja hapa lini?"

Julien alimkazia macho, kisha akayashusha. "Jumamosi, jua likishuka."

"Kufanya nini?"

"Kuniuliza nani ananiagiza mabango. Nikamuambia ni Viateur. Akashtuka. Akasema, juu ya nini Viateur wa miti? Mabango ni ya Dokta Daniella, ni ya utafiti, yeye njo anapima na kusema yawekwe wapi. Nikamuambia, papa, mimi napaka, sipandi. Dokta aliagiza yale ya kwanza, machache. Kisha Viateur akaanza kukuja na pikap yake, anabeba, anarudi, anabeba tena. Gauthier akaegemea lile pale, lilikuwa bado bichi. Hata hakuona amejichafua. Alikuwa na hasira, lakini si hasira juu yangu."

"Alisema nini tena?"

"Alisema wakulima walimufuata mu ofisi, wakamuambia mashimo mengine hayajawahi kuua hata panya. Akasema kesho yake, alfajiri, ataenda mwenyewe na kukaa mu shimo moja kwa mapafu yake, aone kama atakufa. Nikacheka." Julien alichomoa brashi koponi, akaikung'uta. "Nikamuambia, basi, ukufe salama. Njo neno la mwisho nilimuambia ule mutu."

Kinu cha jirani kilinguruma, kikanyamaza.

"Jumapili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mu kanisa, juu ya ngazi, napaka upya Njia ya Musalaba. Padri alinisimamia toka giza hadi misa ya pili, kama askari wa jela, aliogopa nitamuwekea Pilato sura ya gavana. Mumuulize."

Walimuuliza. Padri alithibitisha kila neno, na kuongeza kwamba Pilato bado alikuwa na masharubu ya mashaka.

* * *

Ndani ya gari Kambere alipiga usukani kwa kiganja. "Basi mupaka rangi ametoka. Mkuu atatumeza."

"Atumeze. Jumatatu ulipoandika maneno ya Dokta, yeye alikuwa wapi?"

"Chini, mu shimo, pembeni ya maiti. Mimi nilikuwa juu. Alinikataza nisishuke, akasema nitakufa. Alikuwa anasema kwa sauti, mi naandika."

"Ukurasa mzima?"

"Mzima. Tena nilikosea kuandika lile neno asphyxie, kukosa hewa, akanitajia herufi moja moja. Alikuwa na uvumilivu."

"Alivaa nini mdomoni?"

"Hakuvaa kitu."

"Na ile mashini yake ya kupimia hewa?"

Kambere alimgeukia. Kisha akasema taratibu, "Ilikuwa mu gari yake. Alipomaliza kunisomea njo alinituma nimuletee. Akapima mwishoni."

Apolline alitazama mbele, ambako dereva wa pikipiki alikuwa akigombana na mwenye tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyopakia viazi. "Kambere, nani anaweza kuingia kinywani mwa chui akapiga hadithi humo?"

"Mwenye kujua hakuna chui."

"Mtaalamu wa mazuku kuliko wote anashuka alfajiri, upepo haupo, hajapima kitu, anapiga magoti karibu na mtu ambaye yeye mwenyewe anatuambia ameuawa na mazuku, na anafundisha imla. Hakuogopa kwa sababu alijua hakuna cha kuogopa. Lile shimo halijawahi kuua mtu. Ndiyo maana walimleta Gauthier pale. Bango lilihitaji maiti."

* * *

Maabara ya Dokta Daniella ilikuwa nyumba nyeupe yenye jenereta mlangoni, na kibao chenye alama ya fondasio kilichosuguliwa hadi kung'aa. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa Apolline, mwenye nywele fupi na sauti ya chini isiyoharakishwa na mtu. Aliwaacha wasimame kwenye mlango.

"Nimesikia unateremsha mishumaa," alisema. "Watu wa zamani walifanya vile. Walifanya pia tambiko."

"Mshumaa hauzimiki, Dokta."

"Mazuku inatembea, Mama Inspekta. Leo iko, kesho haiko. Kabla sijaanza kazi hii, watoto walikufa kule na wazazi wao wakasema ni pepo, wakawapiga bibi zao kwa uchawi. Mimi njo nilienda nyumba kwa nyumba. Mimi njo niliwaambia kiko nini kile. Wewe ulikuwa wapi?"

Ilikuwa mara ya pili siku hiyo Apolline kuulizwa swali kama hilo.

"Mkuu wangu anataka dosie ifungwe," alisema. "Nami nataka kulala. Kesho alfajiri njoo wewe na Papa Viateur pale shimoni, kwa kuwa ardhi ni ya projé yake. Mnionyeshe mwili ulivyokuwa, nisaini, tuachane."

Dokta alishika kitasa cha mlango. "Na utaacha kunisumbua?"

"Kesho yatakwisha."

* * *

Walikuja katika pikap moja. Viateur Twagirimana alishuka wa kwanza, mtu mnene mwenye buti za mpira na koti lenye mti uliotariziwa kifuani. Alipowaona watu juu ya kilima, wanawake na majembe, wanaume na mikono mifukoni, alisimama.

"Hawa nani amewaita?"

"Mimi," alisema Kambere. "Njo majirani wa shimo."

Upepo haukuwepo. Ukungu wa Lac Vert, ziwa dogo la jirani, ulikuwa umekaa chini, haupandi wala haushuki. Apolline aliwapita wote bila salamu, akashika nguzo ya bango kwa mkono mmoja, akateremka. Watu wakapiga kelele. Mtu mmoja alisema kwa Kinyarwanda, amejiua huyu. Apolline alifika chini, akachagua jiwe, akaketi. Buti zake zilikuwa pale pale kilipokuwa kichwa cha Gauthier.

"Dokta," aliita, "njoo unionyeshe alilala vipi."

Dokta Daniella alisimama ukingoni, mikono ndani ya mifuko ya koti lake jeupe. "Panda. Ni hatari."

"Jumatatu haikuwa hatari? Ulikaa hapa ukimwandikisha Kambere ukurasa mzima, mdomo wazi, mashini yako iko mu gari."

"Nilijua kuna upepo."

"Hakukuwa na upepo. Kambere aliandika hivyo kwa maneno yako mwenyewe. Ulitaja kwamba hewa imetulia kabisa, ndiyo maana mazuku iliua." Sauti ya Apolline ilipanda ikagonga mawe. "Chagua, Dokta. Ama Jumatatu shimo hili lilikuwa na mazuku, na wewe ungekuwa umelala pembeni ya Gauthier. Ama halikuwa nayo, na Gauthier hakufia hapa. Niambie mbele ya hawa watu ni lipi."

Watu walisogea ukingoni. Dokta alilamba midomo.

"Mimi nitakusaidia," Apolline aliendelea. "Huyu wa miti alihitaji ardhi, awaonyeshe wazungu msitu. Wakulima walikataa kutoka. Wewe ulihitaji hatari, kwa sababu mashimo ya kweli ni machache, na utafiti wa kitu kichache hauongezewi miaka. Basi akabandika mafuvu penye udongo muzuri, na wewe ukayaandika kwenye ramani. Kila mmoja akapata alichotaka. Kisha Gauthier akaja Jumapili alfajiri, akakaa pale nilipokaa mimi, na hakufa."

"Daniella, usiseme kitu," alisema Viateur.

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema! Mi nilikuambia tumuache ku barabara, watu waseme ni kamio imemugonga. Wewe njo ulisema hapana, tumuweke mu shimo, itasaidia..."

Akanyamaza. Alikuwa amejisikia mwenyewe, ila akiwa amechelewa. Kambere alikuwa tayari ameushika mkono wake, na pingu zikalia.

Dokta Daniella alifumba macho. Alipoyafumbua, hakumtazama Viateur wala Apolline. Alitazama miche ya miti iliyopangwa mistari kilimani. "Gauthier alituita wote wawili tushuhudie, akatoka humu akicheka," alisema. "Alisema atafunga ruzuku zote. Ya miti, ya sanaa, na yangu. Viateur akamziba pumzi kwa gunia la miche, mu gari, na humo akalala chali mpaka usiku. Mimi sikumgusa. Lakini sikufungua mlango."

Neno la mwisho likafika juu ya kilima. Kisha sauti moja ikasema, "Walitudanganya," na kilima kikalipuka.

Wa kwanza kushika bango alikuwa kijana mmoja aitwaye Tuyisenge, ambaye nyumba yake ilikuwa imebomolewa na wafanyakazi wa projé. Alilitikisa, akaling'oa pamoja na mawe yaliyolishikilia, akalitupa. Wanaume wakamshangilia. Apolline alikuwa bado anapanda akishika mizizi alipowasikia wakikimbia.

"Tung'oe yote!"

"Na lile la kule!"

Apolline alifika ukingoni. Tuyisenge alikuwa mbele ya wote, akishuka mteremko kuelekea ziwani, ambako bango jingine lilisimama katika manyasi marefu. Bango hilo lilikuwa la zamani, rangi yake imefifia.

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya Dokta Daniella. Apolline hakuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Lile ni la kweli! Tuyisenge! Lile nililiweka mimi, lile ni la kweli!"

Walicheka. Mwanamke mmoja alimrushia bonge la udongo likampiga shingoni. Tuyisenge aling'oa bango, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili ili wote walione, akalitupa shimoni, kisha akaruka ndani kulikanyaga.

Alilikanyaga mara mbili. Mara ya tatu mguu haukuinuka. Aligeuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyesahau alitaka kusema nini, akaketi, akalala upande.

Wawili wakaanza kumfuata.

"Musishuke!" Dokta alikuwa anakimbia, pingu bado hazijamfikia. "Mutu mumoja tu! Ajaze mapafu hapa juu, chini asivute hata kidogo. Kamba! Nani iko na kamba?"

Kamba ilikuwemo ndani ya pikap, ya kufungia miche. Kambere aliiacha mikono ya Viateur kwa wanaume wawili, akaileta mbio. Apolline alijifunga kiunoni, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akashuka. Chini palikuwa na joto, na pametulia kama chumba kilichofungwa kwa miaka. Ndege wadogo waliokufa walikuwa kwenye manyasi. Alimfunga Tuyisenge kwapani, vidole vikikataa kukaza fundo. Kifua kikaanza kumpiga ngumi kutoka ndani. Akaitikisa kamba. Wakavutwa wote wawili juu ya mawe, ngozi ikibaki huko.

Alipopata kuona tena, Dokta Daniella alikuwa amepiga magoti juu ya Tuyisenge, kichwa chake amekirudisha nyuma, akimpulizia pumzi mdomoni. Akapumzika, akampuliza tena. Watu walizunguka na majembe yao, hakuna aliyemgusa Dokta na hakuna aliyemsaidia. Hatimaye Tuyisenge alikohoa. Akatapika. Akafumbua macho, akauona uso ulio juu yake, akautambua, akautemea mate.

Dokta alijipangusa kwa mkono wa koti. Apolline, akiwa bado anahema, alimfunga pingu hapo hapo alipopiga magoti.

"Mabango mangapi ni ya kweli?" alimuuliza.

"Machache."

"Yapi?"

"Nitakuonyesha. Lakini wao hawataniamini tena." Dokta aliinua macho kuwatazama. "Na wewe je, utawaambia nini?"

Kambere alimwinua akampeleka kwenye gari. Viateur alikuwa tayari ndani, akilia kwamba yeye ni mtu wa miti tu. Wanaume wakambeba Tuyisenge juu ya mlango wa mbao walioutoa nyumba ya karibu. Kilima kikaanza kumwagika, watu wakiondoka wawili wawili, bila mtu kumuaga mwenzake.

Nyiramahirwe alibaki. Alitafuta kwa macho bango lililotupwa, akaliona chini kabisa mwa shimo, mahali ambapo hakuna wa kulifuata. Basi akafungua kitambaa chake cha kijani kichwani, akakichana vipande, akaanza kuvifunga kwenye manyasi kuzunguka ukingo, fundo baada ya fundo, akimpa Apolline mgongo. Apolline aliokota kipande kimoja akitaka kumsaidia. Mama huyo alikinyakua mkononi mwake.

"Hapa tumejua," alisema. "Mutu wetu alianguka, tumejua. Zile shimo zingine zote mpaka Sake, zenye bango na zenye hazina bango, nani atatuambia? Wewe na mishumaa yako?"

Apolline alitazama mabonde yaliyotandwa na ukungu, moja baada ya jingine, hadi upeo wa macho. Upepo wa ziwani ulianza kuamka.

"Mimi," alisema. "Nitaanza na lile la karibu na nyumba yako."

Nyiramahirwe alifunga fundo la mwisho, akaliokota jembe lake, akatangulia njia.